Jinsi ya Kucheza Yahtzee Nyumbani: Dadu Tano, Karatasi Moja na Mistari Kumi na Mitatu

Yahtzee ni mchezo wa dadu ambao bibi na mjukuu wake wa darasa la tatu wanaweza kukaa meza moja, na kila mmoja akawa na nafasi ya kweli ya kushinda. Dadu haimjui mkubwa wala mdogo. Lakini usidhani ni bahati tupu. Watazame watu wawili wanaocheza kila wiki, utaona mmoja anamtangulia mwenzake mara kwa mara, na dadu wanazorusha ni zilezile. Kinachowatofautisha ni karatasi. Kila zamu inaisha kwa kuandika mahali fulani, na mahali ukishapaandika pamefungwa hadi mwisho wa mchezo. Anayejua pa kuandika, na pa kukubali hasara, ndiye anayeshinda michezo mingi.

Kwa hiyo nitazieleza sheria zote, kisha nitakaa zaidi kwenye karatasi.

Mchezo huu ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1956 na kampuni ya Edwin S. Lowe wa New York, mfanyabiashara yuleyule aliyeieneza bingo nchini humo. Inasimuliwa kwamba mume na mke kutoka Kanada walikuwa wakiwachezesha wageni wao kwenye boti yao ya starehe, wakamwomba Lowe awatengenezee seti chache za kuwapa marafiki. Yeye akaupenda mchezo hadi akaomba haki ya kuuuza. Mwaka 1973 kampuni yake ilinunuliwa na Milton Bradley, na mwaka 1984 Milton Bradley nayo ikaingia mikononi mwa Hasbro, ambayo ndiyo inayoutoa hadi leo. Michezo ya dadu tano ya namna hii ilikuwepo kabla ya Lowe, na ndugu zake wanachezwa Skandinavia na Amerika Kusini. Nitawagusia mwishoni.

Unachohitaji

Dadu tano za kawaida, zenye nukta moja hadi sita. Kikombe cha kutikisia, hata cha plastiki cha chai kinatosha. Karatasi na kalamu kwa kila mchezaji. Basi.

Boksi la dukani huja na kitabu cha karatasi zilizochapishwa tayari, lakini hakuna kinachokulazimisha kulinunua. Dadu za ludo zinafaa kabisa, mradi zote ziwe za ukubwa mmoja na zisiwe zimelika kona. Kagua kila dadu: pande mbili zinazotazamana zinapaswa kujumlika kuwa saba, yaani moja mkabala na sita, mbili mkabala na tano, tatu mkabala na nne. Dadu isiyo hivyo imetengenezwa ovyo, nami nisingeiamini hata kwa mambo mengine.

Kama nyumbani mna dadu moja tu, bado mnaweza kucheza. Mchezaji anairusha mara tano na kuandika namba pembeni. Zile asizozitaka anazikata kwa mstari, kisha anairusha tena mara nyingi kadiri ya namba alizozikata. Inachukua muda zaidi, lakini sheria hazibadiliki hata kidogo.

Tandaza kitambaa au mkeka mezani. Dadu tano zinazorushwa usiku kwenye meza tupu ya mbao zinaamsha nyumba nzima.

Chora karatasi

Kila mchezaji awe na mistari kumi na mitatu, iliyogawanywa sehemu mbili. Karatasi moja kubwa yenye safu ya kila mchezaji ni nzuri zaidi kuliko vipande vingi, maana kila mtu anaona mwenzake amebakiwa na nini.

Sehemu ya juu ina mistari sita:

- Moja: jumla ya dadu zenye moja tu
- Mbili: jumla ya dadu zenye mbili tu
- Tatu, Nne, Tano na Sita: vivyo hivyo

Chini ya mistari hiyo acha nafasi ya jumla ndogo na nafasi ya bonasi. Mchezaji akifikisha pointi 63 au zaidi katika sehemu ya juu, anaongezwa 35.

Sehemu ya chini ina mistari saba:

- Tatu sawa: dadu tatu au zaidi zenye namba moja. Unaandika jumla ya dadu zote tano.
- Nne sawa: dadu nne au zaidi zenye namba moja. Unaandika jumla ya zote tano.
- Tatu na mbili: dadu tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, kwa mfano 4-4-4-2-2. Pointi 25, bila kujali ni namba gani.
- Mfuatano mfupi: namba nne zinazofuatana, yaani 1-2-3-4, 2-3-4-5 au 3-4-5-6. Pointi 30. Dadu ya tano iwe yoyote.
- Mfuatano mrefu: namba tano zinazofuatana, 1-2-3-4-5 au 2-3-4-5-6. Pointi 40.
- Yahtzee: dadu zote tano zina namba moja. Pointi 50.
- Yoyote: jumla ya dadu zote tano, ziwe zimeangukaje.

Hapo kwenye tatu sawa na nne sawa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Katika sehemu ya juu unahesabu namba ya mstari huo peke yake. Katika tatu sawa na nne sawa unahesabu dadu zote, hata zile zisizolingana. Ukiwa na 6-6-6-5-2, mstari wa sita unakupa 18, na mstari wa tatu sawa unakupa 25.

Zamu inavyokwenda

Kupata wa kuanza, kila mtu arushe dadu zote tano. Mwenye jumla kubwa ndiye wa kwanza. Kisha zamu inazunguka kushoto.

Katika zamu yako unaruhusiwa kurusha mpaka mara tatu. Mara ya kwanza unarusha dadu zote tano. Ukishaona zilivyoanguka, unaweka kando zile unazozitaka na kurusha zilizobaki. Baada ya hapo unaweza kufanya hivyo mara moja zaidi. Si lazima utumie mara zote tatu. Ukipata unachotaka mapema, simama na uandike.

Kuna uhuru ambao watu husahau. Dadu uliyoiweka kando baada ya kurusha mara ya kwanza si mfungwa. Ukibadili mawazo baada ya mara ya pili, unaweza kuiokota na kuirusha tena pamoja na nyingine. Mpango wa mfuatano ukivunjika, geukia jozi uliyoipata njiani.

Ukimaliza, ni lazima uandike kitu katika mstari mmoja ulio wazi. Hakuna kuruka zamu. Kama dadu zako hazifai popote, unachagua mstari mmoja na kuandika sifuri, na mstari huo umekwenda. Hivyo kila mchezaji anapata zamu kumi na tatu, mstari mmoja kwa kila zamu. Familia ya watu wanne itacheza zamu 52, ambazo watu waliozoea wanazimaliza kwa muda wa nusu saa hadi dakika arobaini.

Dadu ikianguka chini ya meza au ikiegemea sahani, irushwe tena hiyo moja. Kubalianeni jambo hili kabla ya kuanza, kwa sababu likitokea katikati na dadu iliyoanguka ikawa sita, hapatakuwa na maelewano.

Zamu tatu za mfano

Tuwachukue bibi na mjukuu. Ndiyo kwanza wanaanza, karatasi zote ni tupu.

Mjukuu anarusha: 1-3-3-4-5. Ana jozi ya tatu, lakini pia ana 3-4-5 zinazofuatana. Anaweka kando 3-4-5 na kurusha dadu mbili. Zinakuja 6 na 6. Sasa ana 3-4-5-6-6, tayari ni mfuatano mfupi wa pointi 30. Amebakiwa na mara moja ya kurusha. Je, asimame? Hapana. Arushe ile sita ya ziada. Mfuatano wake wa 3-4-5-6 uko salama mezani, na ikija mbili anapata mfuatano mrefu wa 40. Nafasi ni moja kati ya sita, lakini hana cha kupoteza. Inakuja moja. Anaandika 30 kwenye mfuatano mfupi, na ni zamu nzuri.

Bibi anarusha: 1-2-5-5-6. Anaweka tano mbili. Anarusha tatu: 5-2-3. Anaweka tano tatu. Anarusha mbili za mwisho: 3 na 4. Ana 5-5-5-3-4. Aandike wapi? Mstari wa tano unampa 15. Mstari wa tatu sawa unampa 22, na yoyote nayo 22. Mjukuu, kama watoto wote, atamshauri aandike 22 kwa kuwa ni kubwa. Bibi anaandika 15 kwenye mstari wa tano, na amefanya vizuri. Sababu yake nitaieleza hivi punde.

Zamu inayofuata mjukuu hana bahati. Amerusha mara tatu na mwisho ana 1-1-3-4-6. Hakuna mfuatano, hakuna tatu sawa. Anaweza kuandika 15 kwenye mstari wa yoyote, au 2 kwenye mstari wa moja. Kwa macho, 15 inapendeza. Lakini aandike 2. Mstari wa moja hata ukijazwa vizuri hauleti zaidi ya pointi tatu au nne, kwa hiyo hapo hasara ni ndogo. Mstari wa yoyote ni akiba ya kumwokoa baadaye, na kuutumia kwa 15 ni kuuza akiba kwa bei ya kutupa.

Ukipata yahtzee ya pili

Sheria hii ndiyo inayoleta ubishi mwingi, kwa hiyo isomeni pamoja kabla ya mchezo.

Dadu zote tano zikilingana kwa mara ya kwanza, unaandika 50 kwenye mstari wa yahtzee. Zikilingana tena baadaye katika mchezo huohuo, na mstari wa yahtzee una 50, unapata bonasi ya pointi 100 kila mara. Zamu hiyo bado inakudai ujaze mstari mmoja, kwa utaratibu huu:

1. Kama mstari wa juu wa namba hiyo uko wazi, lazima uandike hapo. Umepata dadu tano zenye nne na mstari wa nne ni mtupu? Andika 20.
2. Kama mstari huo umejazwa, chagua mstari wowote ulio wazi katika sehemu ya chini. Hapa yahtzee inasimama badala ya chochote: unaweza kuandika 25 kwenye tatu na mbili, 30 kwenye mfuatano mfupi au 40 kwenye mfuatano mrefu, ingawa dadu zako hazifuatani. Kwenye tatu sawa, nne sawa na yoyote unaandika jumla ya dadu.
3. Kama sehemu ya chini yote imejaa, unaandika sifuri kwenye mstari wowote ulio wazi juu.

Aliyekwisha kuandika sifuri kwenye mstari wa yahtzee hapati ile 100. Ila utaratibu wa kujaza mistari unamhusu vilevile, na anaweza kuitumia yahtzee yake kama mfuatano mrefu wa 40 mradi mstari wa juu wa namba ile umekwisha kujazwa.

Kwa hesabu hii, mchezo mkamilifu kabisa, ambao mtu anapata yahtzee katika zamu zote kumi na tatu na kwa namba zinazofaa, unatoa pointi 1,575. Usiusubiri. Anayecheza peke yake kwa mbinu bora inayoweza kukokotolewa na kompyuta anapata wastani wa takriban pointi 254. Familia inayoanza ikipata 180 hadi 220 inacheza vizuri.

Sitini na tatu: daftari la deni

Sasa ile sababu ya bibi.

Namba 63 haikuchaguliwa ovyo. Ukipata dadu tatu za kila namba, yaani moja tatu, mbili tatu, hadi sita tatu, unapata 3, 6, 9, 12, 15 na 18, na jumla yake ni 63 kamili. Kwa hiyo tatu ndiyo kipimo. Mstari wa juu uliojazwa kwa dadu tatu hauna deni wala ziada. Ukijaza kwa dadu nne una ziada. Ukijaza kwa mbili una deni.

Pembeni ya kila mstari wa juu, andika alama ndogo ya hali yako. Sita nne ni +6. Nne mbili ni −4. Tano tatu ni 0. Moja mbili ni −1. Jumlisha alama hizo kila unapoandika, na utajua bila kukisia kama bonasi ya 35 iko mkononi au imekwenda. Sita nne peke yake zinalipa deni la sifuri kwenye mstari wa moja (−3) na la dadu mbili tu za tatu (−3). Ndiyo maana ukipata sita nne mapema, ninashauri uandike 24 kwenye mstari wa sita badala ya kukimbilia mstari wa nne sawa.

Bibi alipoandika 15 kwenye mstari wa tano, alifunga mstari mgumu bila deni. Angeandika 22 kwenye tatu sawa, angebaki na kazi ya kutafuta tano tatu nyingine baadaye, na tano na sita ndiyo mistari ambayo deni lake linauma: kukosa dadu moja ya sita ni −6, kukosa dadu moja ya mbili ni −2.

Tazama karatasi mbili zilizokamilika. Ya kwanza juu ina 2, 6, 9, 12, 15 na 24. Jumla 68, pamoja na bonasi 103. Chini ina tatu sawa 23, nne sawa 22, tatu na mbili 25, mfuatano mfupi 30, mfuatano mrefu 0, yahtzee 0, yoyote 21, jumla 121. Mwisho: 224. Karatasi ya pili juu ina 1, 4, 6, 8, 15 na 18. Jumla 52, bonasi hakuna. Chini ina 20, 0, 25, 30, 0, kisha yahtzee 50, na yoyote 19, jumla 144. Mwisho: 196. Aliyepata yahtzee, aliyeruka na kupiga makofi mezani, amepitwa kwa pointi 28 na mtu ambaye hakupata yahtzee wala mfuatano mrefu.

Hesabu za nafasi zinazofaa kukaa kichwani

Dadu tano zinaweza kuanguka kwa namna 7,776. Kupata yahtzee kwa kurusha mara moja ni nafasi 1 kati ya 1,296. Ukitumia mara zote tatu na kuifukuza yahtzee tu, nafasi ni asilimia 4.6, yaani mara moja kwa kila zamu ishirini na mbili hivi. Hata ukiifukuza katika zamu zako zote kumi na tatu, nafasi ya kuipata angalau moja haifiki nusu, na ungekuwa umeharibu mengine yote. Iache ije yenyewe. Ukiona dadu tatu au nne zimelingana mapema, hapo ifuate.

Mfuatano una siri moja ambayo inafaa hata mtoto aifahamu. Ukishika 2-3-4-5, namba mbili zinakukamilishia mfuatano mrefu: moja au sita. Ukishika 3-4-5-6, ni mbili pekee. Ukiwa na mara mbili za kurusha, ya kwanza ina nafasi ya asilimia 56 na ya pili asilimia 31. Kwa sababu hiyohiyo, ukiwa na namba tatu, shika zile za katikati, 2-3-4 au 3-4-5, kuliko 1-2-3 au 4-5-6, ambazo zimebanwa ukutani upande mmoja.

Ukishika jozi mbili, mfano 3-3-6-6, na una mara mbili za kurusha dadu moja, nafasi ya tatu na mbili ni asilimia 56. Ukiwa na dadu tatu zinazolingana na mara moja tu ya kurusha mbili, nafasi ya kupata nne au zaidi ni 11 kati ya 36.

Kwa mstari wa yoyote kuna kanuni fupi. Baada ya kurusha mara ya kwanza, weka tano na sita, rusha nyingine. Baada ya mara ya pili, weka nne, tano na sita, rusha zilizobaki. Ukifuata hivyo wastani wako ni pointi 23 na kidogo. Ukiandika yoyote kwa 13 au 14 katika zamu ya tatu ya mchezo, umepoteza karibu pointi kumi bila kulazimika.

Sifuri iandikwe wapi

Zamu mbaya zitakuja. Swali ni nani azilipe.

Mwanzoni mwa mchezo, mstari wa moja ndio wa kwanza kutolewa kafara, kisha mstari wa mbili kama alama za deni zinaruhusu. Ukifika katikati na zote mbili zimejaa, angalia nne sawa: ni mstari mgumu ambao watu wengi huishia kuuandikia sifuri, na kukubali mapema kunakuachia nafasi. Mstari wa yahtzee wenyewe pia ni mahali halali pa sifuri kuanzia zamu ya tisa au ya kumi, ingawa wengi hawana moyo wa kuugusa. Pointi 50 zinavutia, lakini zikiwa na nafasi ya asilimia 4 au 5 kwa zamu, thamani yake halisi mchezo unapokaribia kwisha ni ndogo kuliko 30 za mfuatano mfupi zilizo karibu.

Kitu nisichoshauri ni kuandika sifuri kwenye mstari wa tano au wa sita. Deni la −15 au −18 ni gumu mno kulipika, na bonasi karibu imekufa papo hapo.

Katika zamu mbili za mwisho, angalia pia karatasi ya mwenzako. Kama unaongoza kwa pointi 20, chukua kilicho salama. Kama umeachwa kwa 35 na umebakiwa na mfuatano mrefu, hakuna faida ya kujilinda: vunja jozi, tafuta mfuatano.

Watoto, wazee na nyumba yenye watu wengi

Mtoto wa miaka mitano au sita acheze sehemu ya juu peke yake, zamu sita, bila bonasi. Anajifunza kutambua nukta na kujumlisha, naye hachoki kabla ya mwisho. Akizoea, mwongezee tatu na mbili na mifuatano, ambayo pointi zake hazihitaji hesabu. Tatu sawa na nne sawa zije mwisho. Mwache ajumlishe mwenyewe hata akichelewa. Tano tatu ni kumi na tano, na atalikumbuka hilo kuliko angelikariri ubaoni. Kumwambia aandike wapi ni jambo jingine. Toa ushauri akiomba, vinginevyo nyamaza, maana ukimchagulia mstari unakuwa umecheza zamu yake.

Kwa wazee ambao macho yamechoka, tafuta dadu kubwa za nukta nyeusi juu ya rangi nyeupe, na sinia lenye ukingo ili dadu zisitoroke.

Mkizidi sita, mchezo unalegea kwa kungoja. Chezeni wawili wawili kwa karatasi moja: mmoja arushe, mwenzake aandike, na uamuzi wawe nao pamoja.

Pesa zisiingie. Mchezo huu una utamu wa kutosha kwa pointi zake. Na kama wakubwa wa nyumba hawaruhusu dadu kwa sababu za dini, hilo liheshimiwe bila mabishano.

Ndugu zake

Ukienda Skandinavia utakuta Yatzy. Kuna mstari wa jozi moja na wa jozi mbili, mfuatano mfupi ni lazima uwe 1-2-3-4-5 na unalipa 15, mrefu ni 2-3-4-5-6 na unalipa 20, tatu na mbili inalipa jumla ya dadu, na bonasi ya juu ni 50 badala ya 35. Mbinu ya deni inafaa vilevile, tena zaidi, kwa kuwa bonasi ni nono.

Amerika Kusini wanacheza Generala. Huko kupata mpangilio kwa kurusha mara ya kwanza kunaongeza pointi tano, na anayepata dadu tano sawa kwa kurusha mara ya kwanza katika zamu yake anashinda mchezo papo hapo, hata kama alikuwa wa mwisho. Ni kali mno kwa watoto, lakini kwa watu wazima inachangamsha.

Na mkishaizoea Yahtzee yenyewe, jaribuni kuicheza kwa safu tatu kwa kila mtu: safu ya kwanza kwa pointi za kawaida, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Zamu zinakuwa 39, na kila mnaporusha mnachagua mstari na safu. Tengeni jioni nzima, na sifuri zote zipelekeni safu ya kwanza.